Udongo wa Chome na Dawa ya Josho

Mwezi uliopita tulimzika Yonazi kwao Shighatini, na nilishuka mlimani nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Kulia nililia, sikatai, tena kwa sauti mpaka wajukuu zake wakaniangalia. Kilichoniudhi ni hotuba. Wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine, wakamsifu marehemu kwa mabwawa, kwa mabomba, kwa vyeo, kwa safari za ng'ambo, na mmoja akatukumbusha mpaka aina ya gari alilokuwa akiendesha. Hakuna hata mmoja aliyeutaja ule mwaka wa Same, wakati mhandisi huyo huyo alikuwa kijana mwembamba mwenye soksi zilizotoboka, na mimi msichana niliyetoka shule juzijuzi, tumejifungia kwenye stoo ya bati tunamwaga dawa ya kupe kwenye makopo ya maziwa na kupiga kelele kama watu walioshinda mpira. Nikainuka niseme. Mpwa wangu akanivuta kitenge: "Shangazi, ratiba imekwisha." Ratiba! Basi nikakaa. Lakini kunyamaza mimi sikuumbiwa, na kwa kuwa kalamu haina mshereheshaji wa kuikatiza, nitasema hapa.

Watu wa leo nikiwasimulia habari za kuhamia vijiji vya ujamaa wanataka niseme ilikuwa huzuni tupu, au fahari tupu, kutegemea walilelewa na nani. Mimi nakumbuka vumbi. Malori yalipita Same mchana kutwa yamebeba vitanda, milango, kuku, na akina bibi waliokalia magodoro yao wenyewe, na upepo wa Same, ambao hauna adabu hata kidogo, ukipeperusha khanga za watu. Ndani ya lori moja ungekuta mmoja analia na mwenzake anaimba. Mimi nilipangiwa ofisi ya maji kama msaidizi wa maabara. Maabara yenyewe ndiyo ile stoo ya bati nyuma ya ofisi: meza moja, mizani, rafu ya makopo matupu, na panya. Bosi wangu alikuwa Yonazi, Mgweno wa Upare ya kaskazini aliyerudi masomoni ng'ambo, na siku ya kwanza aliniuliza, "Bibie, wewe wa wapi?" Nikamwambia Chome, Upare ya kusini. "Chome! Kule mnakolificha jua msituni?" Nikamjibu heri sisi tunaoficha jua kuliko wao wanaosali kwa lugha ambayo hata Mungu anahitaji mkalimani. Alicheka akashika tumbo, na tangu hapo hakuniita jina langu la Namkunda isipokuwa kukiwa na mgeni. Nilikuwa "Mchome", na yeye alikuwa "Bwana Yonazi" mbele za watu na "Mgweno wewe" tukiwa stoo.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa kijiji kipya kilichokuwa kinajengwa tambarare, chini ya mji. Maji ya kule yana chumvi; chai yake unaweza kusahau sukari, lakini chumvi imo tayari. Sasa hapo, kwa bahati ambayo Yonazi mwenyewe hakuiamini, wachimbaji walikuta maji matamu. Matamu kabisa! Akaonja, akanipa nikaonja, akampa dereva, tukabaki tunaangaliana na kucheka. Kisima kikafungwa pampu ya mkono, na kikawa ndicho sababu ya watu wengi kukubali kuhamia pale. Lakini kijiji kilikuwa na wafugaji pia, wa Kipare na wa Kimasai, kwa hiyo likajengwa josho, ule mfereji wa saruji uliojaa maji ya dawa ambamo ng'ombe hupitishwa wakiogelea ili kupe wafe. Josho likawekwa mahali palipoinuka, juu ya kisima. Dawa ya josho ikichafuka lazima imwagwe, na shimo la kuimwagia likapangwa papo hapo kando yake. Yonazi alibisha sana. Sumu juu, kisima chini, hivi kweli? Akaambiwa eneo limekwishapimwa, saruji imekwisha, na shimo litazibwa kwa udongo wa mfinyanzi ili kitu kisipenye kwenda ardhini. "Tena nyie Wapare," afisa mmoja wa wilaya akamwambia, "si ndio wenyewe kwa udongo?"

Hapo alitupata, maana ni kweli. Kwetu milimani mabonde yana ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi, na ndiva za wazee wetu hazikujua saruji. Ni udongo tu ulioshindiliwa kwa miguu ya watu. Baragumu la msaragambo likilia, yaani kazi ya wote, hakuna anayebaki nyumbani isipokuwa mgonjwa na mzazi, na asiyetokea anashtakiwa barazani. Aliyesimamia udongo kwetu alikuwa Mzee Zefania, mtu mfupi, mkali, mwenye majivuno ya ajabu, aliyekuwa anauonja udongo kwa ulimi kabla hajaukubali. Alishuka na watu wake kwa malori, wamekalia huo udongo wenyewe, mweusi, unaonata, wa bondeni kwao. Jamani, siku ile! Walivua viatu, wake kwa waume, wakaingia shimoni wakiimba, wakakanyaga, wakamwagia maji, wakakanyaga tena, na mimi niliyetumwa kusimama pembeni na kuangalia, nilishindwa. Nikavua viatu vyangu vya ofisini nikaingia. Makande yalichemka kwenye masufuria makubwa, na Yonazi alikula mpaka akina mama wakamuuliza kama Ugweno chakula kinaliwa Krismasi tu. Shimo likajazwa maji, Mzee Zefania akachomeka mti wa kupimia, na wiki ilipopita maji yalikuwa pale pale, yamepungua kile kidogo kilichonywewa na jua. "Semeni sasa," akatuambia, mikono kiunoni. "Hili hata ukilia machozi humu, ukirudi mwakani unayakuta." Yonazi akamshika mkono kwa mikono miwili. Mashaka yake yote yakaisha, na yangu pia.

Nilikuwa nimepanga kwa Mama Sijali, karibu na stesheni. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha lililogombana na upepo usiku na mchana, na ukuta mwembamba kiasi kwamba nilijua ndoto za mwenye nyumba. Mama Sijali alikuwa Mnyiramba, alikuja na mumewe kukata mkonge, mume akafariki, yeye akabaki. "Nimeshazoea vumbi lenu," alikuwa anasema, kana kwamba vumbi lilikuwa la ukoo wetu. Aliishi na mjukuu wake Chausiku, aliyekuwa anaanza kutembea, na uani aliuza mafuta ya taa kutoka kwenye pipa. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda, sahani moja, na hadithi ilikuwa moja tu: kisima. Alikuwa amejiandikisha kuhamia kijiji kipya kwa hiari yake, hakusukumwa na mtu. "Namkunda mwanangu, mimi nimebeba maji tangu nina meno ya utoto. Utosi umekuwa bapa, hebu shika. Kisima mlangoni! Nitaoga asubuhi, nitaoga jioni, mpaka majirani waseme nina mchumba." Halafu anamgeukia Chausiku: "Na wewe hutajua ndoo ni nini, malkia wangu." Yule mtoto anacheka bila kuelewa, mlenda umemjaa mpaka masikioni.

Jioni moja kabla ya kula nilimsikia uani akitukana. Alitukana vizuri, kwa Kiswahili na Kinyiramba, nikadhani ni mteja. Kumbe ni pipa. Mapipa yake mawili, la maji na la mafuta ya taa, yalikuwa yamepata vitundu vya kutu chini, na mimi kwa wema wangu nilikuwa nimemletea bonge la udongo wa Chome uliobaki shimoni azibie. "Njoo uone udongo wenu wa sifa!" Nikachuchumaa. Pipa la maji lilikuwa kavu, kiraka kimeshika kama kimezaliwa nalo. Pipa la mafuta ya taa, kiraka kilikuwa kimesinyaa, kimepasuka, ukikigusa kinamomonyoka, na mchanga wote chini umelowa mafuta. "Umeziba vibaya, mama," nikamwambia. Aliniangalia juu mpaka chini. "Nimeziba vibaya? Na hili la maji nilizibiwa na nani, malaika?" Nikainama nikaunusa ule mchanga uliolowa. Nilikuwa nimekwishaifungua ile dawa ya josho pale ofisini. Dawa mbichi, kabla haijachanganywa na maji, ni mafuta mazito, na inanuka mafuta ya taa. Nikainuka mbio. "Ugali je?" akapiga kelele. Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Yonazi nilimkuta mgahawani anakunywa chai, nikamwaga habari yote bila hata kusalimia. Alinisikiliza, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akakwaruza kidevu, akaleta hoja yake, na ilikuwa hoja nzuri: dawa haiingii joshoni mbichi. Inatiwa kidogo kwenye maji mengi, ikageuka nyeupe kama maziwa, na hayo maji-maziwa ndiyo yatakayomwagwa shimoni. "Hayo ni maji, Mchome. Udongo utayaona kama maji." Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kucheza. "Kesho tujaribu," akasema, "kwa sababu lile shimo tulilijaribu kwa kitu ambacho si chake." Sentensi ile, ndugu zangu, ndiyo iliyostahili kusomwa pale kaburini. Sisi wote, wasomi na wakulima, tulikuwa tumefanya kosa la watu wa ndiva: kwetu udongo haujawahi kuulizwa swali lolote isipokuwa maji, na ukilijibu hilo tunaupa cheti cha kila kitu.

Tukatoboa makopo ya maziwa chini, tukaweka mchanga, juu yake tukashindilia udongo wa Chome. Kopo moja tukatia maji, la pili tukatia maji ya josho, yale meupe, tuliyoyachanganya wenyewe. Tukasubiri. Nilikuwa naamka alfajiri naenda kuchungulia. Hakuna kilichotoka, si kwa la kwanza wala kwa la pili. Siku Yonazi alipokubali kuwa imetosha alinipigapiga bega, "Usijali, angalau tumelala tukijua." Mimi nilikuwa na hasira za kulia. Nikashika ufagio nikafagia stoo kwa fujo, mpaka nikafika mlangoni ilipokuwa ndoo ya yale maji ya josho tuliyobakiza. Ilikuwa imekaa juani muda wote ule bila kuguswa. Umaziwa haukuwepo. Maji yalikuwa yamekaa upande wake na mafuta ya dawa upande wake, yanang'aa, kama wanandoa waliotengana. Ala! Joshoni kutakuwa na ng'ombe wa kukoroga kila mara. Shimoni nani atakoroga? Na yale madumu yatakayosuuzwa kando ya shimo, mabaki yake yatakwenda wapi? "Mgweno wewe!" nilipiga ukelele mpaka mhasibu akatoka ofisini. "Kopo la tatu! Tia mafuta matupu!"

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, tulikuta udongo wa kopo la tatu umeachana na ukuta wa kopo pande zote, katikati umepasuka, na dawa inadondoka chini tone baada ya tone bila hata aibu. Yonazi alilala kifudifudi chini ya meza na suruali yake nzuri ili aone vizuri. "Inapita!" akasema. Halafu akapaza sauti, "Inapitaaa!" Tukashikana mikono tukaruka ruka mle ndani mpaka panya wakahama. Nitasema kweli, tulifurahi. Tulifurahi kama wendawazimu, kwa sababu jambo lililojificha limejionyesha na sisi ndio tuliokuwepo, na raha ile hakuna aliyenipa tena, si ndoa wala kiinua mgongo. Baadaye kidogo ndipo Yonazi alipoketi chini, akafuta vumbi, akasema kwa sauti nyingine, "Kisima." Kichwani nikamwona Chausiku na sahani yake ya mlenda.

Wiki zile stoo ilijaa makopo mpaka hatukuwa na pa kukanyaga, maana Yonazi sasa alitaka kujua udongo unasemaje kwa kila kitu. Tulikwenda mashamba ya mkonge tukaomba ule uchachu unaotoka kiwandani, unaonuka mpaka nguo zinakukimbia. Tulichota maji ya chumvi ya tambarare tukayachemsha yawe makali zaidi, tukatia magadi, tukatia mkojo wa ng'ombe, na huo niliukinga mimi, yeye akiwa amesimama mbali anatoa maelekezo. Kila kimiminika kilikuja na tabia yake. Uchachu wa mkonge uliuchosha udongo taratibu. Chumvi kali iliufanya ujikunje uwe chenga chenga. Magadi, ajabu ya Mungu, yaliufanya uzibe zaidi ya mwanzo! Yonazi alinieleza kwamba udongo wa aina ile umejengwa kwa vijani vyembamba mno visivyoonekana, ambavyo hunywa maji vikavimba na kubanana, na ndiyo maana maji hayapati njia. Ukiviletea kitu kisicho maji, au maji yaliyobeba kitu kingine, vinaweza kusinyaa na kuachana. Nikamwambia hayo ni mambo ya unga. Unga wa ngano ukikandwa kwa maji unashikana na kuvutika, ukikandwa kwa mafuta matupu unamomonyoka. Alinitazama, akasema nimemharibia mhadhara wake wa saa nzima.

Kujua ni kitu kimoja na kuhamisha shimo ni kingine. Yule afisa wa wilaya alitusikiliza mlangoni, akasema siku ya ufunguzi imeshapangwa na mgeni rasmi ameshaalikwa, na kwamba tukipata watu wa kuchimba shimo jingine tuchimbe, yeye hana. Watu walikuwa wale wale wa Chome, na mvua za kupandia zilikuwa mlangoni. Nani angewaambia washuke tena waache mashamba? Na kabla ya hapo, nani angemwambia Mzee Zefania? Tuliamua kumwita stoo. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Marahaba. Nasikia mnautukana udongo wangu." Tukamwonyesha kopo. Hakuliangalia hata mara moja. "Mmeshindilia kitoto," akasema, akakunja mikono ya koti, akauonja udongo, akajaza kopo jingine yeye mwenyewe, akashindilia kwa ngumi mpaka meza ikalia. Akatia dawa kwa mkono wake. Halafu akavuta kigoda akakaa mbele ya kopo, na siku ile nzima na iliyofuata hakutaka kuondoka kwenda kula, nikawa namletea makande pale pale. Alikula bila kuondoa macho. Udongo ulipoanza kuachana na kopo, alisimama. Tone la kwanza lilipodondoka alilinusa, na shingo ikamvimba. Nikajua leo tumekwisha. "Udongo wangu," akasema polepole, "hauna kosa." Yonazi akamwambia kwa haraka, "Hauna, mzee. Hata sisi hatujasema unalo." "Basi kama hauna kosa," Mzee Zefania akasema, "lipo kwa mwingine. Na mwenye kosa anashtakiwa."

Mnaotutania Wapare kwa kupenda kesi, siku ile mngefaidi. Aliitisha msaragambo ushuke kijijini, na watu waliposhuka na majembe wakinung'unika, hawakukuta kazi, walikuta baraza. Chupa ya dawa ya josho iliwekwa juu ya kigoda mbele ya watu wote, peke yake, kama mwizi. Mzee Zefania ndiye aliyekuwa mshtaki. Alidai kwamba mshtakiwa ameuvunja udongo wa Chome, udongo usio na rekodi ya kosa lolote, na kwamba ana nia ya kukiingilia kisima. Palihitajika mtetezi, akateuliwa Yonazi. "Mgweno aitetee," mama mmoja akasema, "wao hatuna undugu nao." Basi Yonazi akaitetea, na kwa kweli aliitetea vizuri kupita nilivyotarajia! Alisema bila dawa hii ng'ombe wenu watakufa kwa ndigana, homa ya kupe, na akaonyesha lile kopo la pili, ambalo halikuvuja: dawa ikiwa imechanganyika haina neno, ubaya wake ni ikiachwa ijitenge au imwagwe ikiwa mbichi. Wafugaji wakapiga makofi. Mama Sijali akaletwa shahidi na pipa lake juu ya mkokoteni, akala kiapo ambacho hakuna aliyemwambia ale, akasimulia mkasa wa kiraka na kuongeza chumvi ya kutosha. Nami nikaitwa. Nilikuwa nimekuja na unga wa ngano. Nikakanda bonge moja kwa maji na jingine kwa mafuta ya taa, nikayapitisha watu wayavute wenyewe. La maji likarudi limevutwa mpaka limekuwa kamba. La pili halikurudi, liliishia njiani.

Hukumu ilitoka kabla jua halijawa kali. Dawa isifukuzwe, kwa sababu ina kazi yake, ila ipewe makazi yake mbali, kwenye mteremko wa chini kupita kisima. Madumu yasisuuzwe kijijini kamwe. Yafungwe na mabaki yake yarudi yalikotoka. Na lile shimo la juu, ambalo halijawahi kuguswa na kitu chochote isipokuwa maji safi, likae la maji. Hilo la mwisho nililisema mimi, kwa pupa, bila kuombwa: "Liacheni mvua ilijaze, ng'ombe wanywe. Ni ndiva tayari!" Mzee Zefania akanigeukia. "Mtoto wa Chome, unanifundisha mimi kwamba nimejenga ndiva?" Watu wakavunjika mbavu, na yeye akacheka mwisho, akaokota jembe. Wakachimba. Walichimba wakiwa na hamu ya kurudi kupanda, kwa hiyo walichimba kama wanaofukuzwa, na udongo wa shimo la chini ulishindiliwa mara mbili zaidi, kwa magadi ndani yake, na makopo yake tuliyajaribu kwanza kwa maji ya josho yenyewe, mbele ya macho yao.

Ufunguzi ulipita na hotuba zake. Mama Sijali akahamia, nyumba yake mita chache kutoka kwenye pampu, akaoga asubuhi na jioni kama alivyoahidi, na mimi nikawa nalala kwake siku za kazi za kule. Halafu ikafika siku ya kwanza ya josho kumwagwa. Tulisimamia kila ndoo. Dawa ikaenda shimo la chini, madumu yakafungwa, wiki zikapita, Yonazi akapeleka maji ya kisima kupimwa kwenye maabara kubwa Dar es Salaam, yakarudi safi. Nilikimbia kwenda kuwaambia watu. Nikakuta pampu imekauka mpini. Akina mama walikuwa wanakipita kisima na ndoo zao kichwani, wanakwenda kuchota yale maji ya chumvi ya zamani, mbali kule korongoni. Kesi tulikuwa tumeishinda kupita kiasi. "Dawa imeshamwagwa," walisema, "na ile dawa tuliiona." Yonazi alisimama pampuni akanywa kikombe baada ya kikombe mpaka tumbo likawa linacheza. Wakamwangalia. "Huyo wa ofisini, anarudi kulala Same." Nikanywa mimi. "Na wewe huna mtoto," mmoja akaniambia, wala hakunisema kwa ubaya.

Mama Sijali alikuwa amekaa mlangoni kwake. Ndoo yake ilikuwa na maji ya korongoni, niliyajua kwa jinsi povu la sabuni lilivyokataa. Yeye, na ule utosi wake! Niliumia kuliko siku zote za mwaka ule, nikamwambia kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa, "Hata wewe, mama?" Akasema, "Wewe mwenyewe ulinionyesha lile kopo, Namkunda." Nikachuchumaa mbele yake nikaanza kumweleza upya, mteremko, magadi, maabara, na yeye akaniinulia mkono ninyamaze. Akamvuta Chausiku akamweka katikati yetu. "Angekuwa wako?" akaniuliza. Akina mama wenye ndoo walikuwa wamesimama, wanasikiliza. Nilipitia kichwani kila kitu tulichofanya, kuanzia kopo la kwanza hadi dumu la mwisho, nikitafuta mahali tulipokosea. "Ningempa," nikasema. Aliniangalia mpaka nikaona haya. Halafu akainuka, akaenda pampuni, akapampu, akakinga kikombe, akanusa, akanywa nusu. Akakaa kidogo, akiwa kama anajisikiliza tumboni. Kisha akainama, akampa mtoto kilichobaki.

Chausiku alikishika kwa mikono miwili. Alikunywa kwa kelele, maji yakimteremka kidevuni mpaka kitovuni, akamaliza, akakigeuza kikombe juu chini kuhakikisha, akamrudishia bibi yake.

"Tena," akasema.